Alan Hawkshaw, mtunzi ambaye Uingereza nzima ilimsikia bila kumjua

Tarehe 2 Novemba 1982, televisheni mpya ya Channel 4 ilianza kutangaza nchini Uingereza. Kipindi chake cha kwanza, saa kumi na dakika arobaini na tano za alasiri, kilikuwa mchezo wa herufi na hesabu unaoitwa Countdown. Saa moja jioni ikafuata taarifa yake ya kwanza ya habari. Muziki wa mchezo ule na muziki wa taarifa ile ya habari vilikuwa kazi ya mtu mmoja, Alan Hawkshaw.

Waingereza wengi hawakumjua kwa jina. Alipofariki tarehe 16 Oktoba 2021, akiwa na umri wa miaka 84, habari za kifo chake zilimtambulisha kwa kutaja vipindi: mchezo wa Countdown, habari za Channel 4, tamthilia ya watoto ya Grange Hill. Hapo ndipo watu walipogundua kwamba nyimbo walizozijua tangu utoto zilitoka kwenye kinanda kimoja.

Hawkshaw aliishi kwa muziki ambao sehemu kubwa yake haikuuzwa dukani. Alitunga jeneriki, yaani muziki unaofungua na kufunga kipindi, na alitunga pia muziki wa maktaba, ule ambao Wafaransa huuita musique d'illustration. Maisha yake yanaonyesha jinsi mtunzi asiyepanda jukwaani anavyoweza kula jasho lake kwa miaka arobaini. Sharti ni moja tu: kila muziki wake unapopigwa hewani, awepo mtu anayeandika.

Kijana wa Leeds

Alan Hawkshaw alizaliwa tarehe 27 Machi 1937 mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mji wa viwanda vya nguo na vya chuma. Kazi yake ya kwanza haikuwa muziki. Alijifunza ufundi wa kupiga chapa, kama vijana wengi wa mji ule waliotafuta kazi ya mikono yenye mshahara wa hakika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliiacha kazi hiyo na kuingia katika kundi la Emile Ford and the Checkmates. Emile Ford, mzaliwa wa kisiwa cha Saint Lucia huko Karaibi, alikuwa amekwisha kushika nafasi ya kwanza nchini Uingereza mwishoni mwa mwaka wa 1959. Katika kundi hilo Hawkshaw alijifunza maisha ya mwanamuziki wa safari: leo mji huu, kesho mji mwingine, na malipo ya usiku mmoja mmoja.

Kisha akahamia studio. London ya miaka ile ilikuwa na kundi la wanamuziki waliokodiwa kwa saa. Asubuhi walipiga nyuma ya mwimbaji fulani, mchana kwenye pibilisite ya sabuni, jioni kwenye muziki wa sinema. Kikao cha kawaida kilikuwa cha saa tatu. Mwanamuziki alifika, akasoma noti zilizowekwa mbele yake, akapiga bila kukosea, akalipwa, akaondoka. Wimbo ukiuzwa nakala milioni, yeye alibaki na malipo yale ya saa tatu.

Hawkshaw alikuwa mmoja wa walioitwa mara nyingi. Chombo chake kikubwa kilikuwa kinanda cha Hammond, kile kinanda cha umeme kilichoanza kutengenezwa Chicago katika miaka ya 1930 na kupendwa sana makanisani kabla ya kuingia katika jazi na soul. Aliweza kukipiga kwa nguvu kama ngoma, kwa midundo mifupi inayokatika ghafla. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alijiunga pia na The Shadows, kundi la magitaa lililojulikana kwa kumsindikiza Cliff Richard. Huko alipiga pamoja na mpiga ngoma Brian Bennett, ambaye walitunga pamoja kwa miaka mingi.

Lakini aliona mapema kwamba mwenye kupiga hulipwa mara moja, na mwenye kutunga hulipwa kila wimbo unapochezwa. Akaanza kutunga.

Diski zisizouzwa

Mlango aliopitia ulikuwa muziki wa maktaba. Biashara hii si mpya: kampuni ya De Wolfe ya London ilianzishwa mwaka wa 1909, wakati wa sinema zisizo na sauti, ilipouza karatasi za noti kwa wapiga vinanda wa kumbi za sinema. Redio na televisheni zilipokuja, karatasi zikageuka kuwa diski.

Mtayarishaji wa televisheni mwenye kipindi kesho na pesa kidogo hana nafasi ya kumwita mtunzi na wapiga fidla ishirini. Anahitaji dakika moja ya muziki wa furaha, sekunde kumi za hofu, au muziki wa kuandamana na picha za kiwanda. Kampuni ya maktaba humwekea vyote hivyo tayari. Inawalipa watunzi na wanamuziki, inarekodi mamia ya vipande, kisha inatuma diski bure kwenye vituo vya redio, televisheni na watengenezaji wa sinema. Kwenye kasha la kila diski kuna maelezo mafupi ya kila kipande: mwendo wake, hali yake, muda wake. Mtayarishaji anachagua, anatumia, na analipa kulingana na sekunde alizotumia.

Kampuni iliyomchukua Hawkshaw iliitwa KPM. Katikati ya miaka ya 1960, chini ya uongozi wa Robin Phillips, ilianzisha mfululizo wa diski zenye makasha ya kijani ambayo leo wakusanyaji wanayatafuta kwa bei kubwa. Phillips alichukua vijana waliokuwa wakipiga katika studio za London na kuwaacha watunge kwa sauti ya wakati wao: gitaa la umeme, ngoma nzito, kinanda cha Hammond. Pamoja na Hawkshaw walikuwamo Keith Mansfield, Johnny Pearson, Syd Dale na Brian Bennett. Kabla yao, muziki wa maktaba ulikuwa hasa wa okestra. Wao waliuleta karibu na muziki uliokuwa ukichezwa na vijana mitaani.

Chama cha wanamuziki cha Uingereza hakikufurahia kazi hii. Kiliogopa kwamba diski moja iliyorekodiwa leo ingewanyima wanamuziki wengine kazi kwa miaka kumi, na kwa muda mrefu kilikataa wanachama wake warekodi muziki wa maktaba nchini mwao. KPM ikalazimika kuvuka bahari na kurekodi sehemu kubwa ya kazi yake katika studio za Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi. Hivyo muziki mwingi ambao Waingereza wanauona kuwa wa kwao kabisa ulirekodiwa ng'ambo.

Kazi yenyewe ilitaka nidhamu. Mtunzi wa maktaba haoni picha. Anaandika muziki wa mashindano ambayo bado hayajachezwa na wa kisa ambacho bado hakijatungwa. Wazo lake lazima lieleweke katika sekunde tano za kwanza, kwa sababu mtayarishaji anayechagua atainua sindano haraka na kwenda kwenye kipande kinachofuata. Tena muziki usizidi nguvu: ukiwa na mambo mengi, utamfunika msemaji. Hawkshaw alikuwa na kipaji cha kutunga kitu kifupi ambacho mtu hukishika mara moja na bado hachoki kukisikia.

Mwaka wa 1977 Robin Phillips alitoka KPM na kuanzisha maktaba mpya iitwayo Bruton Music. Hawkshaw alitunga kwa nyumba zote mbili.

Muziki mmoja, vipindi viwili

Mfano unaoeleza vizuri biashara hii ni kipande cha Hawkshaw kiitwacho Chicken Man. Kilikuwa kwenye diski ya maktaba, kikisubiri mtu wa kukitumia. Mwezi wa Februari 1978, BBC ilianzisha tamthilia ya watoto ya Grange Hill, iliyobuniwa na Phil Redmond, juu ya maisha ya wanafunzi wa shule moja ya serikali huko London. Walihitaji muziki wa kufungulia. Wakachukua Chicken Man na kuuweka juu ya michoro kama ya vitabu vya katuni, ukiwamo ule uliokumbukwa na kila mtoto: soseji iliyochomwa kwenye uma ikipita mbele ya macho.

Grange Hill haikuwa hadithi ya kuwafurahisha wazazi. Ilionyesha uonevu shuleni, wizi mdogo, na baadaye madawa ya kulevya. Muziki wa Hawkshaw, wenye mchezo na ukorofi kidogo, ulifaa kana kwamba uliandikwa kwa ajili ya watoto wale. Ulibaki kwenye kipindi hicho hadi mwisho wa miaka ya 1980. Ulipobadilishwa, watazamaji wa zamani walinung'unika, na katika mfululizo wa mwisho, mwaka wa 2008, Chicken Man ulirudi kwa sura mpya.

Lakini muziki wa maktaba hauna mume mmoja. Mwaka wa 1979, televisheni shindani ya ITV ilianzisha mchezo wa kubahatisha kwa ishara uitwao Give Us a Clue. Nao walitumia Chicken Man, kwa upangaji tofauti. Kwa muda, muziki uleule ulifungua kipindi cha watoto cha BBC na mchezo wa watu wazima wa ITV. Kwa wasikilizaji hilo lilikuwa jambo la ajabu, lakini halikuvunja sheria yoyote. Kila kituo kililipa kwa matumizi yake, na mtunzi alipata haki yake pande zote mbili.

Kipande kingine cha maktaba, Blarney's Stoned, kilikuwa muziki wa kipindi cha mchekeshaji Dave Allen kwenye BBC katika miaka ya 1970.

Sekunde 30 zilizomlisha

Countdown ilikuwa na asili ya Kifaransa. Ilitokana na mchezo ambao watazamaji wengi wa televisheni za Kifaransa hapa kwetu wanaujua, Des chiffres et des lettres, uliobuniwa na Armand Jammot. Katika toleo la Kiingereza, wachezaji wawili wanapewa herufi tisa na sekunde 30 za kutafuta neno refu kuliko yote. Katika raundi nyingine wanapewa namba sita na kutafuta jibu la hesabu. Nyuma yao kuna saa kubwa ya ukutani ambayo mshale wake unazunguka nusu duara.

Kipindi hicho kilitengenezwa na Yorkshire Television mjini Leeds, mji alikozaliwa Hawkshaw. Aliombwa muziki wa sekunde 30 kamili, si 29 wala 31. Ilibidi usiwasumbue watu wanaofikiri, lakini uwakumbushe kwamba wakati unakwisha. Aliandika muziki unaotembea kwa hatua sawa kama saa, kisha mwishoni unajikunja na kuanguka kwa noti chache za haraka hadi mdundo wa mwisho. Mpaka leo, nchini Uingereza mtu akichelewa kujibu swali, wenzake humwimbia noti zile za mwisho.

Utajiri wa kazi hii ulitokana na kurudiwa. Jeneriki ya kawaida husikika mara mbili katika kipindi, mwanzoni na mwishoni. Muziki wa saa ya Countdown ulisikika karibu kila raundi. Mwanzoni kulikuwa na raundi tisa. Baadaye zilifika 15. Mwaka wa 2014 Countdown ilifikisha vipindi 6.000 na kuandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Tukihesabu raundi nane tu kwa kila kipindi, saa ile ilikuwa imepigwa mara 48.000, sawa na saa 400 za muziki, karibu siku 17 mfululizo mchana na usiku. Kazi yote hiyo ilitoka katika nusu dakika moja aliyoitunga mara moja.

Taarifa ya habari ya Channel 4 nayo ilichukua muziki wake uitwao Best Endeavours, wenye tarumbeta zinazoita kama mtu anayebisha mlango kwa heshima. Umepangwa upya mara kadhaa, lakini wimbo wenyewe ulibaki kwa zaidi ya miaka 30.

Nani anaandika, nani analipa

Pesa hizi hazikumfikia mtunzi kwa huruma ya mtu. Nchini Uingereza kuna shirika linaloitwa PRS, lililoanzishwa mwaka wa 1914, ambalo hukusanya malipo ya kila muziki unaochezwa hadharani au hewani. Kila kituo cha televisheni kinajaza karatasi kwa kila kipindi: jina la kipande, mtunzi, kampuni, na idadi ya sekunde. Karatasi hizo zinahesabiwa, na malipo yanagawanywa. Katika muziki wa maktaba, mgawo wa kawaida umekuwa nusu kwa mtunzi na nusu kwa kampuni.

Malipo ya mara moja ni madogo sana. David Dundas, aliyetunga noti nne za alama ya Channel 4 yenyewe, aliripotiwa kupata paundi tatu na nusu kila ziliposikika. Kwa mara moja, pesa hiyo haitoshi chakula. Lakini zilisikika mara nyingi kila siku, kwa miaka.

Wafaransa walianza zamani zaidi. Mwaka wa 1847 mtunzi Ernest Bourget alikaa katika mkahawa mmoja wa Paris, akasikia wimbo wake ukipigwa, akakataa kulipa kinywaji chake mpaka mwenye mkahawa alipe muziki wake. Kesi ikafika mahakamani, Bourget akashinda, na mwaka wa 1851 SACEM ikazaliwa. Hawkshaw, aliyezaliwa miaka 86 baadaye, alikula matunda ya mti ule.

Gainsbourg na disko

Kazi ya maktaba haikumfungia ndani. Wapenzi wa muziki wa Kifaransa wana jina lake nyumbani bila kujua. Serge Gainsbourg, aliyependa kurekodi London, alimpa Hawkshaw upangaji wa muziki wa albamu zake Rock Around the Bunker ya mwaka wa 1975 na L'Homme à tête de chou ya mwaka wa 1976. Jane Birkin naye alifanya naye kazi kwenye Ex fan des sixties ya mwaka wa 1978. Gainsbourg aliandika maneno na kuyasema zaidi ya kuyaimba. Palihitajika mtu wa kuujenga muziki chini ya sauti ile bila kuifunika. Aliyezoea kutunga chini ya sauti za wasoma habari alikuwa mtu wa kufaa.

Mwaka wa 1979, kwa jina la Love De-Luxe, alitoa wimbo wa disko, Here Comes That Sound Again, uliofika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya disko ya jarida la Billboard nchini Marekani. Wachezaji wa New York walicheza bila kujua kwamba nyuma ya wimbo ule alikuwapo mwanamume wa Leeds, mtunzi wa jeneriki ya watoto wa shule.

Marapa walipoamka

Mwaka wa 1968, kundi la studio lililoitwa The Mohawks, likiongozwa na kinanda cha Hawkshaw, lilirekodi wimbo uitwao The Champ kwa kampuni ya Pama ya London. Halikuwa kundi halisi la jukwaani. Walikuwa wanamuziki wa kukodiwa. Diski ilitoka, ikachezwa, ikasahauliwa na wengi.

Haikusahauliwa New York. Madijei wa Bronx waliokuwa wakitafuta midundo katika diski za zamani waliupenda mwanzo wake: Hammond ikipiga noti chache za ukali juu ya ngoma nzito. Mashine za kukata na kurudia sauti zilipokuwa za bei nafuu katika miaka ya 1980, kipande kile kiliingia katika nyimbo za rap, kimoja baada ya kingine. KRS-One alikitumia katika Step into a World mwaka wa 1997, na leo The Champ inahesabiwa miongoni mwa rekodi zilizokatwa mara nyingi zaidi duniani, katika mamia ya nyimbo. Jay-Z naye alichukua muziki wa Hawkshaw katika Pray, kwenye albamu yake American Gangster ya mwaka wa 2007.

Mwanzoni wengi wa marapa hawakuomba ruhusa. Sheria iliwafikia mwezi wa Desemba 1991, pale mahakama moja ya New York ilipomhukumu Biz Markie kwa kutumia wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila idhini. Tangu siku ile, kampuni za muziki zilianza kutafuta wenye haki kabla ya kutoa albamu. Diski za maktaba zikapata soko jipya: zilikuwa na midundo mizuri, na mwenyewe alijulikana, kwa sababu yote yalikuwa yameandikwa. Makasha ya kijani ya KPM, yaliyokuwa yakitupwa vituo vya redio vilipohamia kwenye kompyuta, yakaanza kuuzwa kwa bei ya juu. Wazee waliokuwa wakirekodi kwa saa walianza kutafutwa na vijana ili waeleze jinsi walivyoipata sauti ile.

Hata nyumbani kwake hali ilikuwa hivyo. Binti yake, Kirsty Hawkshaw, aliimba katika kundi la Opus III wimbo It's a Fine Day, uliopendwa sana Uingereza mwaka wa 1992. Sauti yake ikakatwa na kundi la Orbital katika kipande chao Halcyon. Baba na binti wote wawili walijikuta ndani ya muziki wa watu wengine.

Swali la huku kwetu

Kila redio ya mashariki mwa Congo ina jeneriki ya habari, na kila duka kubwa lina pibilisite yenye wimbo. Jambo ambalo safari ya Hawkshaw inafundisha si kwamba kila mtunzi wa jeneriki atakuwa tajiri. Ni kwamba muziki usio na maneno, wa nusu dakika, ni mali kamili mbele ya sheria.

Hilo si la Uingereza peke yake. Mkataba wa Berne, ambao Congo ni mwanachama wake tangu miaka ya kwanza ya uhuru, unalinda tungo za muziki zenye maneno na zisizo na maneno, na unampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataa muziki wake utangazwe hewani. Sheria ya nchi yenyewe, ile amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda haki za watunzi na haki jirani. Shirika la kukusanya malipo lilikuwa SONECA. Tangu mwaka wa 2011 ni SOCODA.

Sheria peke yake haimlipi mtu. Kilichomlipa Hawkshaw ni mambo matatu yaliyoshikana: alisajili kila kipande kwa jina lake, vituo vilijaza karatasi za matumizi, na shirika liligawa pesa kulingana na karatasi hizo. Likikosekana moja, mawili yaliyobaki hayana nguvu. Mtunzi anayepewa malipo ya mara moja kwa jeneriki itakayochezwa kila asubuhi kwa miaka kumi, bila mkataba wala usajili, yuko pale Hawkshaw alipokuwa kabla hajaanza kutunga: mtu wa saa tatu, anayelipwa na kuondoka.

Alichoacha

Katika miaka yake ya mwisho Hawkshaw alitumia sehemu ya alichopata kuwasaidia wengine. Aliunda mfuko wenye jina lake uliotoa pesa za masomo kwa vijana wenye kipaji na wasio na uwezo, wakiwamo wanafunzi wa chuo cha muziki cha Leeds. Mji uliomfundisha kupiga chapa ukapata vijana wa kujifunza kutunga.

Alipofariki, saa ya Countdown ilikuwa bado inapigwa kila siku ya kazi. Karatasi za matumizi zinaendelea kujazwa, na kwa sheria ya Uingereza haki ya mtunzi inaendelea kwa miaka 70 baada ya kifo chake. Kwa hiyo familia yake itakuwa na haki juu ya nusu dakika ile hadi mwisho wa mwaka wa 2091.